Boksi limeandikwa 1000X: hadubini mbili nilizonunua kumtafutia jina mdudu wa mwambani

Kila wiki kuna mtu ananiuliza "ile hadubini ya USB vipi, inafaa?" na mi nimechoka kutuma voisi za dakika sita sita, kwa hiyo leo naandika yote mara moja. Nimenunua hadubini mbili ndani ya miezi saba. Ya kwanza ni ile ya USB inayochomekwa kwenye kompyuta, elfu themanini na tano, Darajani hapa Unguja, boksi lake limeandikwa 1000X kwa herufi za dhahabu. Ya pili ni ya macho mawili, ya mtumba, chuma kitupu, laki sita na nusu toka kwa jamaa wa Dar anayeuza vifaa vya maabara vilivyotumika. Zote nimezifanyia kazi moja tu, kuangalia vidudu vya kwenye matumbawe, vile vya jamii ya kamba na kaa lakini vidogo kuliko punje ya mchele, mana hiyo ndo kazi inayonilisha, nabeba ndoo, nachuja, nachambua sampuli za watu wenye digrii zao. Kwa hiyo kama wewe unataka kuangalia noti bandia au chawa wa kuku, maoni yangu yapunguze nusu.

Muuzaji wa ile ya USB sina ugomvi naye. Kijana mchangamfu, alinipa kiti, akanipa maji ya baridi, akachomeka ile kitu kwenye kompyuta yake akanionyesha ngozi ya kidole chake mwenyewe, mistari imetanda kama mashamba ya mpunga ya Cheju, na mi nikaingia kichwa kichwa. Akasema, "Kaka, hii unaona mpaka virusi." Hapo ndo nilitakiwa niage. Hadubini ya kawaida ya mwanga, hata ya mamilioni, ikifika kwenye mikroni 0.2 hivi inagota, vitu viwili vilivyokaribiana kuliko hapo inaviona kitu kimoja, na virusi vingi ni vidogo kuliko kipimo hicho. Mikroni ni milimita moja uliyoigawa mara elfu. Nilikuwa nayajua hayo yote, ila boksi lilikuwa zuri.

Ukitaka kujua ukweli wa hiyo 1000X unahitaji rula ya shule tu. Iweke chini ya lenzi, kaza zumu mpaka mwisho, alafu hesabu unaona milimita ngapi toka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Yangu ilionyesha milimita moja na nusu. Skrini ya kompyuta yangu ina upana wa sentimita 34, yaani milimita 340, gawa kwa moja na nusu unapata 227 hivi. Hiyo ndo elfu yao. Na hata hiyo 227 ni upana tu, picha imesukumwa kama chapati, ukiirusha ukutani kwa projekta utapata hata elfu tano na hutoona unywele mmoja zaidi ya uliouona mwanzo. Kukuza ni kitu kimoja, kuonyesha ni kitu kingine, na kwenye boksi wameandika kile cha kwanza.

Stendi yake ni plastiki, ukigusa meza tu mdudu anaruka toka Unguja mpaka Pemba. Taa zake nane za LED zinapiga moja kwa moja kwenye maji, unaona nyota nane zinang'aa na mdudu wako yuko nyuma ya nyota ya tatu. Dawa yake nimeigundua mwenyewe, kata kikopo cheupe cha mtindi, toboa kitako kipite lenzi, kifunike kisahani chako, mwanga ukipita kwenye ile plastiki unakuwa mpole kama asubuhi ya mawingu. Picha zangu zote nzuri ni za mtindi.

Sasa tuiseme kwa mazuri yake mana inayo. Tuna mzee mmoja mvuvi wa dema tunaelewana naye. Akipandisha dema alfajiri tunamuomba samaki wawili watatu wakae kwanza kwenye ndoo ya maji ya bahari kabla hajawapeleka mnadani, chewa, changu, pono, chochote kilicho hai. Baada ya saa moja hivi tunamrudishia samaki wake, tunamimina yale maji taratibu kwenye kitambaa cha shashi, na pale kwenye shashi vinabaki vidoti vyekundu kama vichwa vya pini. Ukitulia unaona vinatembea. Hao ni watoto wa gnathia. Ni ukoo wa isopodi, ndugu wa mbali wa wale wadudu wa chini ya mawe wanaojikunja kama mpira, ila hawa wanaishi baharini na utotoni wananyonya damu ya samaki. Wanampanda zaidi usiku, wanashiba, wanajiangusha, wanarudi kujificha mwambani. Yule samaki mdogo mwenye mstari mweusi na ubuluu anayesafisha wenzake, chakula chake kikubwa ni hawa hawa. Mtafiti Alexandra Grutter aliwahesabu huko Lizard Island, Australia, miaka ya 90, akakuta msafishaji mmoja anakula vimelea kama 1,200 kwa siku, wengi wao gnathia. Kwa siku moja, samaki mmoja tu. (Na ndoo zetu zina kibali, tusielewane vibaya. Usiende kuchota matumbawe hovyo, na Chumbe ndo usiguse kabisa, ule mwamba umehifadhiwa tangu 1994.)

Siku ya kwanza namuweka mmoja chini ya USB umeme ulikuwa umekatika, na hapo ndo niliipenda, mana inakula chaji ya kompyuta tu, haihitaji soketi. Watoto wa mtaani wakajazana dirishani. Kwenye skrini alikuwepo mtu wa milimita mbili na ushee, kiwiliwili kimevimba kama puto, damu ndani inacheza cheza kila anapojikunja, macho mawili makubwa meusi pembeni ya kichwa, na mkia unapiga maji kama kamba aliyeshtuka. Mtoto mmoja akauliza, "Anko, hiyo damu ya nani?" Ya chewa, nikamwambia. "Chewa mwenyewe yuko wapi?" Yuko sokoni. Wakacheka, wakataka kuona damu yao wenyewe, nikafunga dirisha. Lakini vidio ile niliituma WhatsApp kwa Dokta, mtafiti ninayemchambulia sampuli, dakika ile ile, na hilo hadubini ya macho mawili haiwezi, pale ni wewe na macho yako tu. Kwa kuonyesha kitu kinachotembea kwa watu kumi kwa mpigo, USB haina mpinzani kwa bei ile.

Shida imeanza nilipotaka jina.

Mbali na ndoo nilikuwa na mtego wa taa, chupa ya maji ya lita moja na nusu, unakata shingo unaigeuza itazame ndani kama mlango wa dema, unatia tochi ndogo ya kuzamia na jiwe, unaishusha mwambani usiku unaiacha. Humo nikapata wengine kabisa, wembamba, weupe wa kuonekana ndani, wana kasi. Kwenye ndoo wanene wekundu. Alafu siku moja nagonga gonga kipande cha tumbawe lililokufa juu ya beseni akadondoka mmoja wa ajabu, kichwa cha mraba kama tofali, na mbele ya kichwa koleo mbili zimejitokeza kama za fundi umeme. Huyo ndo aliyeninyima usingizi. Saa tano usiku nikamuandikia Dokta: "Dokta tuna spishi tatu na moja haipo popote." Haipo popote maana yake nimetafuta picha kwenye simu dakika kumi, na programu moja ya kutambua viumbe kwa picha ikaniambia ni kamba.

Dokta alijibu asubuhi, neno moja. "Wakuze."

Nikawakuza. Wale wekundu nikawatia kwenye vikopo vya dawa, kila mmoja na chake, kipande cha tumbawe cha kujificha, maji ya bahari nabadilisha kila siku, kivulini. Hawahitaji chakula, damu waliyokuja nayo inawatosha. Siku ya kumi na tatu naangalia kikopo namba 4 nakuta ganda limevuliwa vipande viwili, cha nyuma na cha mbele, kama mtu aliyevua suruali kwanza alafu shati, na pembeni kakaa mwenye koleo. Namba 7 naye kageuka, ila yeye kawa mnene, hana koleo hata moja, jike. Kumbe wale watatu ni kiumbe yule yule. Mwembamba ni mtoto mwenye njaa, mwekundu ni mtoto aliyeshiba, mwenye koleo ni baba. Mtoto ananyonya, anajivua, mara tatu, na ile ya tatu inampeleka utu uzima, na akishakuwa mkubwa hali tena mpaka anakufa.

Nilijiona mjinga mpaka nikasoma kwamba wakubwa walianguka shimo hilo hilo. Ulaya, karne ya 19, watoto walipewa jenasi yao, Praniza, madume yakapewa yao, Anceus, wakakaa vitabuni kama viumbe wasiojuana, mpaka katikati ya karne ile Mfaransa Eugène Hesse akaonyesha kwamba huyu anageuka kuwa yule. Mpaka leo mtoto aliyeshiba tunamuita praniza, jina limebaki kama la utani.

Sasa dume ndo mwenye alama. Kwa gnathia spishi nyingi zimeandikwa kwa dume mzima, na kwa dume unaangalia ukingo wa mbele wa kichwa una vinundu vingapi na vimekaaje, kisha meno ya ndani ya koleo, kisha ile jozi ya miguu ya kwanza iliyogeuka kifuniko cha mdomo ina pingili ngapi, kisha ncha ya mkia. Nikamuweka baba wa kikopo namba 4 chini ya 1000X. Nilichoona ni doa la kahawia lenye pembe mbili. Nikishusha fokasi ishike koleo kichwa kinapotea, nikipandisha koleo zinapotea, na ukikaza mwisho lenzi inakaribia kulamba maji, sindano haina pa kupita. Hata ikipita unaangalia skrini bapa, hujui sindano iko juu ya mdudu au chini yake, nimetoboa wawili hivyo hivyo. Hapo ndo nikaipa nyota 2 na kuanza kuchanga hela ya nyingine.

Hii ya pili namba zake ni za aibu ukiziweka jirani na boksi la dhahabu: mara 7 mpaka mara 45. Basi. Mama watoto alipojua laki sita na nusu imeenda kwenye kitu cha mara 45 wakati cha mara elfu kipo mezani, aliniuliza kama niko sawa. Ilikuja na boti ndani ya boksi la tambi, imeviringishwa mataulo mawili, uzito wake kama mtungi mdogo wa gesi. Nikaifungua, nikatazama dirishani kupitia lenzi ya kushoto, nikaona utando wa buibui. Nikampigia muuzaji, akasema "hilo vumbi tu bosi, futa na fulana." Sio vumbi na usifute na fulana! Ni fangasi, imeota kwenye kioo kwa ndani, na kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu kifaa chochote chenye lenzi kikikaa kabatini msimu mmoja wa masika kinaota. Pesa haikurudi, punguzo pia hakuna, simu ya tatu hakupokea. Nikaipeleka kwa fundi kamera, elfu arobaini, akaifungua mbele yangu, akafuta na vidawa vyake, akarudisha, na akaniambia nisiitie tena kabatini. Sasa inalala kwenye beseni la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, nimeomba kila duka la viatu nalolijua. Balbu yake ya asili ilikuwa imekufa pia, nimefunga taa ya mezani ya LED yenye shingo.

Lakini jamani. Ukiweka macho yote mawili mwanzo unaona duara mbili, unazisogeza sogeza, ghafla zinaungana, na mdudu anapata kina, mguu wa karibu uko karibu na mguu wa mbali uko mbali, kama vile umeinama juu ya bwawa. Nafasi kati ya lenzi na kisahani inaingia ngumi yangu. Nilikuwa na sindano mbili za wadudu nimezifunga kwenye vijiti vya mishikaki, nikamgeuza baba wa namba 4 chali kama anayegeuza dagaa kikaangoni. Kwenye 45 koleo la kulia likawa na meno, nikahesabu, nikahesabu tena, nikahesabu mara ya tatu nimeziba jicho moja. Kwenye ukingo wa mbele wa kichwa, pale ambapo USB ilinipa ukungu, kulikuwa na kinundu kimoja katikati kimeingia ndani kidogo, na kila upande kashada ka vinyweleo vya rangi ya asali. Nikazima feni. Nikaanza kumtoa kile kifuniko cha mdomo, sindano moja imeshika, nyingine inakata, jasho linadondoka kwenye meza, dakika arobaini na kitu, na kikatoka kizima, nikakilaza kwenye tone la gliserini. Sijawahi kujisikia hivyo hata siku nimepata leseni ya udereva.

Na hapo mara 45 zake zikaishia. Kuhesabu pingili za kile kifuniko na vinyweleo vyake unahitaji hadubini ya slaidi, ile ya shuleni ya mara 400, na mi ninayo ya kuazima tu, shule moja ya sekondari wananipa Jumamosi. Kwa hiyo anayenunua ya macho mawili akidhani itammalizia kazi ajue kabisa, inakufikisha kwenye familia na jenasi kwa raha, spishi inakuachia mlangoni. Ya slaidi nayo haikupi kuchambua. Ni kama jambia na wembe, huwezi kufanya kazi ya kimoja kwa kingine.

Kitu ambacho hakuna duka linauza ni kuchora. Dokta hanipokelei picha, anataka mchoro wa penseli, kila unyweleo mahali pake. Nilidhani ni mambo ya kizee mpaka nilipoanza, picha inakuruhusu kupita juu juu, mchoro unakulazimisha kuamua unyweleo upo au haupo. Mchoro wa kile kifuniko peke yake nimeufuta mara nne.

Baada ya mchoro ndo makaratasi. Kuna ile orodha kubwa ya dunia ya majina ya viumbe vya baharini, WoRMS, bure kabisa na inafunguka hata kwa bandeli ya jero, nyota 5 bila ubishi, inakwambia jina lipi halali, lipi limefutwa, nani aliliandika na mwaka gani. Haikwambii huyu anatofautianaje na yule, sio kazi yake, hiyo unaenda kusoma maelezo ya mwanzo moja baada ya nyingine. Mengine ya zamani, mengine ya Kifaransa, kwa mfano Théodore Monod mwaka 1926 aliandika kitabu kizima kuhusu familia hii kabla hajapata umaarufu wa kukatiza Sahara, na watu bado wanarudi kwake. Mi nasoma Kifaransa kwa kubahatisha na kutazama michoro. Majirani zetu wa kuanza nao ni wa Afrika Kusini, kuna Gnathia africana ya Barnard, 1914, kuna Gnathia pilosus ya 2008 toka pwani yao ya mashariki. Wa kwangu nimemlinganisha nao, kwa macho yangu si mmojawapo. Macho yangu sio ushahidi lakini.

Watu wananiuliza, basi si ni mpya, mpe jina, weka la mama yako. Haiendi hivyo. Yule maarufu, Gnathia marleyi, aliyepewa jina la Bob Marley mwaka 2012, walimtoa kwenye miamba ya matumbawe ya Karibi ya mashariki, watafiti Farquharson, Smit na Sikkel, na Nico Smit ni wa Afrika Kusini huyo, amewaandika gnathia miaka mingi. Jina la Marley lilikuwa ndo sehemu nyepesi. Kabla ya hapo lazima umuweke pembeni ya kila ndugu anayejulikana useme tofauti iko hapa na hapa, uchore, na yule mmoja uliyemuelezea awekwe kwenye makumbusho na namba yake, ili mtu wa miaka 100 ijayo akikubishia aende akamuangalie mwenyewe. Au yule amfipodi, kidudu kingine cha jamii ya kamba, wa Raja Ampat, Indonesia, anayeishi ndani ya vifuko laini vya baharini vinavyochuja maji, tunikata. James Thomas alimuita Leucothoe eltoni mwaka 2015 kwa ajili ya Elton John, mana kiungo chake kimoja kimevimba kama buti kubwa alilovaa yule mzee kwenye filamu. Kilichonishangaza mimi sio buti. Ni kwamba mdudu huyo huyo tayari alikuwa ameshajaa Hawaii, inadhaniwa alisafiri na gati la kuelea la jeshi la wanamaji la Marekani lililokokotwa toka Subic Bay, Ufilipino, mwaka 1992. Yaani kahamia nchi ya watu, kazaa, kajenga, na hana hata jina.

Na msidhani hapa kwetu hakuna aliyetazama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichuja vifusi vya matumbawe vya Unguja wakaandika juu ya kopepodi wa humo, nao jamii ya kamba, wadogo hata kuliko hawa wangu, na mwaka 2006 watu wa Ghent walitoa jenasi nzima mpya, Peltidiphonte, wa kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwili bapa kama kunguni. Kwa hao hata hadubini yangu ya chuma inapiga magoti, kwake ni vumbi lenye miguu.

Kosa langu mwenyewe niliseme. Wale wa mwanzo wote niliwatia kwenye formalini, mana ndo ilikuwepo kwenye rafu na inawashika vizuri, hawalegei. Dokta alipotaka kupeleka mguu mmoja mmoja ukasomwe DNA, kile kipande cha jeni cha COI ambacho watu wanalinganisha, akanusa chupa akanyamaza. Formalini inavuruga DNA. Ilitakiwa ethanoli ya asilimia 95. Miezi mitatu ya ndoo na mzee wa dema imebaki ya kuangalia kwa macho tu, na ethanoli ya kiwango hicho nayo kuipata ni safari nyingine, ya kwenye maduka ya dawa ni asilimia 70, na muuza duka anakutazama kama unataka kunywa.

Basi kama unanunua. Ya USB, nyota 2 kwa kazi hii, nyota 4 kama ni ya mwalimu wa shule au mzazi, tena nunua ile yenye stendi ya chuma kama ipo, plastiki ikatae, na uende na rula yako mfukoni. Ya mtumba nyota 4, moja nimeitoa kwa fangasi na ile simu ya tatu. Ukienda kuiona tazama taa kupitia kila lenzi peke yake, zungusha zumu toka mwanzo hadi mwisho uone kama kitu kinabaki kwenye fokasi, na macho mawili yaungane, ukiona duara mbili haziungani ukapata kizunguzungu achana nayo, kioo cha ndani kimehama na fundi wa kukirudisha sijamjua bado. Usinunue kwa picha. Mi nilinunua kwa picha.

Baba wa kikopo namba 4 yuko kwenye chupa ndogo, koleo moja, maana lingine liko kwenye slaidi. Lebo nimeiandika kwa penseli, wino unayeyuka: Gnathia sp. 1, dume, mm 2.6, amekuzwa kikoponi. Dume wa pili, aliyetoka kikopo namba 11, yeye yuko kwenye ethanoli, anasubiri zamu yake ya kusafiri. Juzi yule kijana wa Darajani kaona vidio ya praniza kwenye stetasi yangu, kanitumia ujumbe, anaiomba aweke kwenye tangazo lake la hadubini. Nimemwambia nampa bure, ila kwanza achukue markapeni afute sifuri mbili.